Makopo Mawili Kabatini

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio na onyo. Ilikuwa karakana ya bunduki za kuwindia, mtaa wa Jeppestown, geti la chuma, kamera kila kona. Bosi alikuwa mzungu mzee ambaye wote tulimwita Oom, kama sisi tunavyosema mjomba.

"Unavuta sigara?"

"Hapana, Oom."

"Vizuri. Siku ukianza, anzia Durban, mbali na baruti yangu."

Wadogo zangu, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tisa, darasa la saba la Tanga, na kazi ya risasi nimeistaafu mwenyewe.

Nilidhani risasi unanunua dukani, basi. Kumbe mwindaji makini anazitengeneza mezani! Kuna ganda la shaba, linatumika tena na tena. Kitakoni kuna fataki, ndogo kama kifungo cha shati, ndiyo inayowasha. Ndani baruti. Juu kuna kichwa, na hicho ndicho kinachoruka. Mwenye kibali cha kupakia ni Oom; mimi nilisafisha maganda na kupanga vitu.

"Anza na mnyama," Oom alikuwa akisema. "Swala ni mwembamba, kichwa chepesi kinamtosha. Kudu, yule tandala mkubwa, ana bega kama mlango, mpe kichwa kizito kisichovunjika kwenye mfupa. Ukishajua kichwa, ndiyo uchague baruti. Na kipimo kinatoka kitabuni, hakitoki kwenye akili yako."

Kichwa kizito kinataka baruti inayoungua polepole, ikisukume kama watu wanavyosukuma gari bovu. Ukiweka ya haraka, ni kama kulipiga lile gari nyundo. Halisogei, linapasuka. Na kwenye bunduki, kinachopasuka kiko mbele ya jicho lako.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Alhamisi moja nasafisha kabati, nakuta makopo mawili, kila moja nusu. Ndani punje nyeusi, kama majani ya chai. Kwetu mama akikuta unga nusu hapa, nusu pale, anamimina pamoja na kopo linaoshwa, linapata kazi nyingine. Nikamimina. Nikajisifu.

Kesho yake asubuhi Oom akapakia risasi ishirini za kudu, akaenda kuzijaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Hajamaliza hata nusu saa tangu atoke, Papa Kasongo akafungua kabati. Huyu ndiye fundi mkuu wetu, Mkongo wa Lubumbashi; mimi waliniita kwa mji wangu.

"Tanga, ile kopo ingine iko wapi?"

"Nimeliosha, Papa. Liko jikoni, nimetia sukari."

"Na baruti yake?"

"Nimechanganya na ile nyingine. Si zilikuwa nusu nusu?"

Papa akakaa chini. Sakafuni! Mtu mzima na tumbo lake.

"Mungu yangu. Ile ingine ni ya haraka! Weye mtoto, umemuua Oom."

Tukampigia simu. Ikalia pale pale mezani, kaisahau.

Tukaruka kwenye bakkie, pikapu ya kazini. Kila robot, taa za njia panda, nyekundu. Nikaanza kujieleza, Papa akasema, "Omba. Usiongee."

Tulipofika, Oom alikuwa amekaa kwenye benchi, masikio kayaziba, shavu kwenye bunduki. Alikuwa amechelewa kwa sababu wenzake walikuwa wanabandika shabaha zao. Boksi la risasi mbele yake lilikuwa na tundu moja tupu. Kiingereza chote kikanitoka.

"Usipige! Mama yangu, usipige!"

Wengine wote wakashusha bunduki. Msimamizi wa uwanja akamgusa Oom bega. Oom akafungua bunduki, ile risasi ikadondokea kiganjani mwake, nzima.

Nikamwambia yote. Mzungu yule akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Niliona kopo limejaa," akasema taratibu. "Nikadhani Papa kanunua jipya. Maisha yangu yote nafundisha watu kuuliza. Leo sikuuliza."

Hakunifukuza. Mpaka leo siamini. Tulirudi, tukang'oa vichwa vyote ishirini, kimoja kimoja. Baruti yote tukaimwaga kwenye majani ya bustani yake, maana ikishachanganyika huitenganishi tena.

Jumatatu Oom akaniita. "Tanga, niletee kopo."

Kabatini lilikuwa moja tu, jipya, halijafunguliwa. Mkono ukagoma. Nikampa Papa ufunguo wa kabati, nikastaafu.

Sasa nina spaza yangu, kiduka cha mtaani, mtaa wa Observatory. Mke wangu ananishangaa.

"Baba Zuhura, sukari nusu hapa, nusu pale. Si uchanganye?"

"Ziache, kila moja kwake."

Oom huwa anapita kununua mkate. Ananitania kuhusu sukari, nami nacheka. Lakini kila akiingia mlangoni, kabla sijamsalimia, nayahesabu macho yake. Moja. Mbili.