Vifurushi vya Korongoni

Wifi yangu hana staha na takataka za watu. Anazifungua. Hata mfuko uliofungwa mafundo matatu ataupasua kwa wembe, amwage vilivyomo juu ya gunia, achuchumae na kupekua kama mtu aliyedondosha pete. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Inspekta. Jina hilo analipenda, ila tukimwita hujifanya kununa.

Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali. Dawa za kufulia zimemfuta alama za vidole. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa mara tano, mpaka mhudumu akamuuliza kwa utani kama kweli yuko hai. Alirudi nyumbani na hasira za kutosha kupikia. Lakini mpe shuka alitazame, atakwambia mgonjwa alilala ubavu upi na kama alikuwa na homa. Mimi nilidhani ni majigambo, mpaka siku alipotazama foronya yangu akaniuliza nilichokuwa nikikililia.

Alipostaafu, akakosa cha kufua, akaligeukia korongo lililo nyuma ya nyumba za safu ya juu. Lilikuwa limejaa magodoro, matairi, vyoo vilivyovunjika na nepi. Akakusanya watu wanane, yeye wa tisa. Mume wangu, ambaye ni kaka yake na fundi bomba, aliburutwa. Mimi nilikwenda kwa hiari, kwa sababu ningebaki nyumbani wangenisengenya wao kwa wao tangu asubuhi mpaka saa sita.

Kila Jumamosi saa moja tunashuka na glovu, reki, viroba na mtaimbo wa kung'olea vilivyozama. Utaratibu wetu ni wa Inspekta. Kila mfuko unafunguliwa, tunatafuta jina: bahasha, risiti, karatasi ya dawa. Jina likipatikana, mzigo unarudishwa mlangoni kwa mwenyewe, kwa salamu na heshima zote, aibu amalizane nayo mwenyewe. Kabla ya kuurudisha, Inspekta huandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila kitu, ile ile aliyokuwa akitilia alama mashuka ya wodini. Kikionekana tena korongoni, hatubishani ni cha nani. Kwa mwaka mmoja utaratibu huo ulisafisha nusu ya korongo, na ulituvimbisha vichwa kidogo.

Nyumba ya mwisho ya safu ya juu, iliyolipa korongo mgongo, ni ya mama mmoja tunayemwita Msimamizi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa Inspekta kule hospitali, na ndiye aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana asiyejua kukamua kitambaa. Hakuzaa. Wodi zilikuwa orofa ya chini na chumba cha kufulia kilikuwa juu, kwa hiyo wanawake wa kufulia walikuwa wakirusha nguo kupitia dirishani, anayepokea yuko uani. Msimamizi alibuni namna yake ya kukunja: nguo inakunjwa mara tatu kwa urefu, inaviringishwa kwa nguvu, halafu pindo la mwisho linachomekwa ndani. Ukiirusha haifunguki. Inspekta hukunja hivyo mpaka leo, hata soksi za watu.

Operesheni ya koo ilimwachia Msimamizi sauti ya kunong'ona. Hata hivyo kila Jumamosi alisimama kwenye ngazi za nyuma, akatuelekezea kwa fimbo takataka tulizoruka. Halafu akatoweka. Mtoto wa kaka yake, aliyehamia kwake kumtunza, alituambia shangazi amesafiri, yuko kwa ndugu, atakaa sana.

Inspekta aliumia. "Hata kuniaga, wifi?" alinilalamikia. "Miaka yote ile! Nimemkosea nini?" Alipiga simu, haikupatikana. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: rafiki yake yuko wapi, na kwa nini ameondoka hivyo. Alilibeba jambo hilo kifuani wiki kwa wiki, akawa mkali kuliko kawaida yake, na kawaida yake unaijua.

Mwezi mmoja hivi baadaye, kifurushi cha kwanza kilionekana.

Kilikuwa chini ya ukuta wa nyuma wa nyumba ile, kwenye majani, peke yake. Mfuko wa mkate, mrefu na mwembamba, umefungwa vizuri. Takataka zina tabia zake, hukaa kwa kulundikana, hunuka, huvuta nzi. Hiki hakikuwa na nzi. Inspekta akakipasua. Ndani mlikuwa na gauni la kulalia la bluu, limefuliwa, limeviringishwa, pindo limechomekwa. Lilipofunguka ikadondoka kadi ya kliniki yenye jina la Msimamizi.

"Nani anafua nguo halafu anaitupa?" niliuliza.

Tulipeleka mzigo mlangoni. Mpwa alitoka, mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi. Akaupokea kwa mikono miwili. "Samahani sana mama zangu. Shangazi ameniruhusu nipunguze nguo zake za zamani kabatini. Nilimpa mtu wa mkokoteni apeleke jalalani, kumbe anatupa hapo nyuma! Nitamsema." Akatuletea maji baridi, tisa sote, kwenye glasi, si vikombe vya plastiki. Tukanywa. Njiani Inspekta alitangulia mbele peke yake. Najua alichokuwa akiwaza: kumbe kaondoka kabisa, mpaka nguo zake zinagawiwa jalala.

Jumamosi iliyofuata kifurushi kingine kilikuwa mahali pale pale, kana kwamba mtu amepima kwa futi. Kitambaa cha kichwa, kimeviringishwa, na katikati yake miwani. Vioo vizima, havina hata mkwaruzo. Mume wangu aliiweka machoni kwa mzaha, halafu akaivua haraka. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa na uvuguvugu. Nilimwambia ni jua. Akaniuliza jua gani, saa moja na nusu ya asubuhi, chini ya ukuta ule wenye kivuli mpaka adhuhuri. Nikamwambia aache uoga.

Mpwa alipokea tena. "Shangazi ametengeneza miwani mpya huko," alisema. Maji baridi, glasi.

Jumamosi ya tatu yalikuwa meno. Meno ya bandia ya juu, yamefungwa ndani ya leso, yamesuguliwa yakang'aa. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuza mkaa asiyeogopa hata nyoka, alirudi nyuma akakanyaga reki. Kule korongoni siku hiyo hakukuwa na upepo, na mbwa wa nyumba zile, ambao kwa kawaida hutubwekea mpaka tunaondoka, walikuwa wamekaa wakiutazama ukuta. Nilihisi tunatazamwa. Nilitazama juu, nikaona ukuta tu, na mabati, na mbingu. Inspekta aliyashika meno yale kiganjani muda mrefu. Halafu akaandika tarehe kwenye leso, kwa sababu ndio utaratibu, na tukayapeleka mlangoni.

Safari hii mpwa hakueleza sana. Aliuliza swali tu, kwa upole ule ule: "Mmevikuta wapi hasa, mama zangu? Sehemu gani ya ukuta?"

Na sisi, watu wa kusaidia, tukamzungusha nyuma, tukamwonyesha.

Jumamosi ya nne tulishuka mapema. Kifurushi kilikuwepo. Mvua ya katikati ya juma ilikuwa imekilowanisha kwa nje. Inspekta akakipasua, akatoa gauni la bluu. Kwenye pindo palikuwa na tarehe ya Jumamosi ya kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alifura. "Mshenzi huyu! Tumemrudishia, kalitupa tena! Leo atanijua." Sote tukapandisha mori pamoja naye, maana mtu anayetupa mara ya pili hana utetezi. Mume wangu alishaanza kupanda ngazi za udongo.

Lakini Inspekta alikuwa ameliinua gauni mpaka puani. Alinusa kwapani, akanusa kola. Akakisugua kitambaa kwa vidole. "Halijafuliwa kwa sabuni," alisema polepole. "Limesuuzwa kwa maji matupu, machache, na kukaushwa ndani. Na limevaliwa, wifi. Siku nyingi. Na mtu mwenye homa."

"Nani kalivaa?" nilimuuliza, ingawa ngozi ya mgongo ilikwishajua.

Yeye alikuwa anautazama mfuko. Juu ya plastiki palikuwa na tone la kijivu, kubwa, limegandia hapo. Akalibonyeza, likabaki na kishimo. Saruji mbichi. Sote tukainua vichwa pamoja. Juu kabisa, chini ya mabati, mahali ambapo miaka yote palikuwa na tundu la hewa ambalo hakuna aliyewahi kulitazama mara mbili, palikuwa na bloku mpya. Saruji ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu, imechuruzika ukutani mpaka kwenye majani.

Tundu lile lilikuwa na upana wa kupitisha mkate.

Nimeogopa mara nyingi maishani, mwanamke hakosi sababu, lakini hofu ya asubuhi ile ilikuwa ya namna nyingine, ilitoka ndani yangu mwenyewe. Mfuko ulidondoka kwanza, saruji ikafuata. Mtu aliziba tundu kwa sababu alijua vitu vinatokea pale. Na aliyemwonyesha pale ni sisi.

Tulipanda juu haraka. Inspekta aligonga. Mpwa akafungua, shati limepigwa pasi, tabasamu lipo, na kwenye kucha zake kulikuwa na kijivu. Akanyoosha mikono yake miwili kupokea. Inspekta akalivuta gauni kifuani.

"Hili nitampa mwenyewe," alisema.

"Lakini mama, shangazi si amesafiri?"

"Basi nitamwekea kitandani kwake. Nipishe, mwanangu."

"Mama, hii ni nyumba ya watu, huwezi kuingia tu..."

Aliingia tu. Tukaingia sote tisa na mabuti yetu ya matope, tukapita sebuleni kwenye zulia. Mpwa alisimama kando, midomo inacheza, halafu akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda zake. Hatukumfuata. Polisi walimkamata baada ya siku tatu, na ikajulikana kwamba nyumba ilikwishaonyeshwa kwa wanunuzi mara mbili, na kilichobaki ni sahihi ya mwenye nyumba, ambaye alikuwa anagoma kuitia.

Stoo ya nyuma ilikuwa na kufuli la nje, jipya. Mume wangu alilipiga kwa mtaimbo mara mbili. Mlango ulipoachia, hewa iliyotoka ilikuwa nzito, na giza lilikuwa la ndani ya sanduku, kwa sababu mwanga uliokuwa ukiingia ulikuwa wa tundu lile moja.

Alikuwa amekaa kwenye kigodoro, miguu ameikunja, amejifunga shuka. Amebaki mifupa. Kando yake palikuwa na ndoo mbili, stuli imepandishwa juu ya kreti, na mifuko ya mkate iliyonyooshwa na kupangwa moja juu ya nyingine. Miwani yake na meno yake vilikuwa sakafuni karibu na mlango, pamoja na kitambaa, vimetupwa hivyo hivyo kama tulivyovirudisha. Hakuwa ameviokota. Nadhani alipoviona vinaingia mara ya tatu alikwishaelewa tunampelekea nani.

Inspekta alipiga magoti. Akavua glovu, akamshika mikono, akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye hakulia hata alipomzika mama yake.

"Nilijua utafungua," Msimamizi alinong'ona. Ilibidi tuiname sote kumsikia. "Nikajiambia, huyu kila kitu anafungua. Ataona mkunjo wangu. Ataona jina. Atakuja."

"Tulikuja, mama," Inspekta alisema. "Wallahi tulikuja. Kila mara tulikuja."

"Najua. Nilikuwa nawasikia pale mlangoni." Akapumua. "Mlikuwa mnamshukuru."

Ni kweli. Tulimshukuru kwa maji. Na mara ya pili, mimi nilimwombea kwa Mungu ampe maisha marefu.