Jina la Huruma Kwenye Fomu ya Maji

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1996. Joto tangu asubuhi, upepo mkavu wenye vumbi jekundu, dalili ya mvua hakuna.

Siku hiyo kijijini Kitangari walichagua kamati ya bomba. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba maji sasa wayasimamie wananchi wenyewe, na watu wa mradi wakaleta fomu yenye safu mbili: wanaume sita, wanawake sita. Mtu wa kwanza kufaa alijulikana. Kwa miaka saba Huruma ndiye aliyefungua lile bomba alfajiri na kuamua ugomvi wa foleni, na koki ikivuja alikata raba kwenye mpira wa baiskeli akaitengeneza palepale. Lakini hakuwa na cheo. Kila karani mpya wa mradi alimuuliza yeye ni nani, kisha akamwambia asogee pembeni. Alichotaka sasa ni jina lake liandikwe, basi.

Jirani yake, Mama Oscar, akasimama akamtaja upande wa wanawake.

"Mama Oscar," akasema Ambrosi, mtu wa maneno mengi, "na zile ndevu utaziandika safu gani?"

Watu wakacheka. Huruma, mwenye miaka thelathini na minane, akiwa na shati na kitenge kama siku zote, akatazama viganja vyake. Alizaliwa na maumbile yasiyo ya kike kamili wala ya kiume kamili. Wazazi walimlea kama binti, na umri ulipofika wakamwingiza unyagoni pamoja na wenzake. Siku ya tatu akarudishwa nyumbani. Tangu hapo wanawake hawakumwita kwenye ngoma zao, maana hakuchezwa unyago mpaka mwisho. Na wanaume hawakumpa nafasi ya kusema, maana hakupita jando.

Edmund, mtendaji wa kijiji, kijana wa Masasi, alitaka kazi iishe. Akamgeukia Bibi Ida, kungwi, akampa shikamoo yake, kisha akamuuliza kama Huruma alichezwa.

Kila mwanamke pale alijua kwamba swali lile haliulizwi mbele ya wanaume. Bibi Ida angenyamaza, pasingekuwa na wa kumlaumu. Lakini alikuwa amezeeka, na jambo lile lilikuwa limemkaa moyoni. Akainuka taratibu.

"Nilimtoa mimi. Mtoto hakukosa kitu, mimi ndiye niliyeogopa. Kosa ni langu, msimbebeshe yeye."

Alikusudia kumfungulia mlango. Kumbe ameshasema hadharani kile ambacho kila mtu alikuwa akikinong'ona tu, kwamba Huruma hakuchezwa. Wanawake waliokuwa wamenyoosha mikono kumuunga wakaishusha, mmoja baada ya mwingine.

"Basi aje kwetu," akasema Ambrosi, "ila kwanza atuambie jandoni alikaa kambi gani."

Edmund akatoa uamuzi kwa sauti ya upole kabisa. Huruma alete karatasi ya daktari ifikapo Jumatatu, inayosema ni mwanamke au mwanamume. Asipoileta, nafasi ya sita ya wanawake atapewa Anjelina, aliyetajwa baada yake. Edmund hakujua anaomba nini. Huruma alikuwa na miaka kumi na miwili alipopelekwa kupimwa, akalazwa bila nguo huku watu asiowajua wakiitana waje waone. Alirudi nyumbani bila dawa, bila jibu, na tangu siku hiyo hata homa kali haikumpeleka hospitali.

Mkutano ulipovunjika, Mama Oscar alimfuata njiani. Akasema watapanda basi pamoja mpaka Ndanda, atamtafutia daktari wa kike, na yeye mwenyewe atakaa mlangoni.

"Nikivua, wataniandika wanavyotaka wao," Huruma akamjibu. "Nisipovua, hawaniandiki kabisa. Sasa niende wapi, Mama Oscar?"

Mama Oscar akamshika mkono. Wakatembea mpaka nyumbani.

Kesho yake, Jumapili, kengele ya kwanza ya kanisa ikiwa bado haijalia, Huruma alibisha hodi kwa Edmund na kuomba aione ile fomu. Edmund akampa, akidhani anataka kuisoma. Huruma akachukua kalamu, akaandika jina lake chini kabisa, chini ya safu zote mbili, kwa herufi kubwa, akaweka sahihi.

"Wilayani Newala watalikata," Edmund akasema.

"Walikate wao. Wewe usilikate."

Akamrudishia kalamu, akashika njia ya bombani, ambako foleni ya ndoo ilikuwa imeshafika barabarani.