Shikamoo kwenye Gwaride

Nilikwenda kituo cha polisi kuripoti kwamba nimepoteza kitambulisho cha taifa, na nusura nipotee mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na polisi nawaogopa bila sababu. Sijawahi kuiba hata kifungo, lakini nikiona sare naanza kujikumbusha makosa ambayo sikuyafanya. Mke wangu husema siku nikikamatwa nitakiri kabla sijaulizwa. Kwa hiyo asubuhi ile nilifanya mazoezi njia nzima: nitaingia, nitasalimia, nitaeleza shida yangu, nitaondoka.

Askari wa kaunta aliandika maelezo yangu vizuri tu. Halafu akainua macho, akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda, akamwita mwenzake. Wakanitazama wote wawili, kichwani hadi miguuni.

"Huyu anafaa," alisema mwenzake.

"Nafaa nini, afande?"

Wakanieleza. Kulikuwa na mtuhumiwa wa unyang'anyi, na shahidi alikuwa amefika kumtambua. Walitaka kufanya gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa husimama mstarini katikati ya watu wasiohusika, wanaofanana naye kwa kimo, umri na mwili, kisha shahidi anapita mbele yao. Akimtambua mtu, anamshika bega. Walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja.

"Si lazima," aliniambia yule wa kaunta. "Tunakuomba tu utusaidie."

Kwa muoga kama mimi, neno "si lazima" likitoka kwa mtu mwenye pingu kiunoni ni amri kamili. Nikakubali. Nilijitahidi kuuliza kama utani: "Na akinishika mimi?"

"Kama hukufanya, unaogopa nini?"

Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo. Nilikuwa naogopa hasa kwa sababu sikufanya. Mwenye hatia angalau anajua aseme nini na afiche nini. Isitoshe, siku hiyo sikuwa hata na kitambulisho cha kuonyesha kwamba mimi ni mimi.

Uani tulipangwa mstari, watu wachache waliotolewa stendi na sokoni, pamoja nami. Mkaguzi aliyesimamia alitueleza kwamba yeye si mpelelezi wa kesi hiyo. Mpelelezi mwenyewe amewekwa mbali, asije akamwashiria shahidi hata kwa kupandisha nyusi. Tukaambiwa tuvue kofia na saa, tusizungumze, tusicheke. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Mtuhumiwa akaletwa. Mkaguzi akamwambia ana haki ya kuchagua mahali pa kusimama. Akatembea mbele yetu polepole, anatukagua kama mteja anayechagua kitambaa, akasimama mbele yangu.

"Hapa," akasema, akajipenyeza kushotoni kwangu.

Kazi yangu ni mabega ya watu, na macho yangu hupima hata yasipotumwa. Yakampima. Mabega sawa na yangu, kifua sawa, mpaka urefu wa mikono. Suti yangu ya harusi ingemkaa bila kupunguzwa popote.

"Tumefanana, kaka," alininong'oneza.

Nilianza kutafuta namna ya kutofanana naye. Nikavuta tumbo ndani. Halafu nikahofia kwamba mtu anayevuta tumbo anaonekana ana jambo, nikaliachia. Mikono sikujua niiweke wapi.

Shahidi alikuwa mama mzee aliyeteremka kutoka Kilema, amejitanda kitenge mabegani. Kwetu Kirua Vunjo nilikokulia, mzee akitokea hukai kimya, ni lazima umwamkie. Mdomo wangu ulishafunguka wenyewe, nikauwahi nikaufunga. Akapita mbele yetu mpaka mwisho wa mstari, asimguse mtu. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

"Sura sikuiona sawasawa," alimwambia mkaguzi. "Ilikuwa jioni na umeme ulikuwa umekatika. Ila aliniamkia pale mlangoni. Waambie hawa nao waniamkie."

Mkaguzi alifikiri kidogo, akakubali. Shahidi anaweza kuomba kusikia sauti, alisema, ila wote watatamka neno lilelile, mmoja baada ya mwingine.

Neno hilo nimelitamka tangu nijue kuongea, lakini pale nilisahau linavyotamkwa. Nikilisema kama kawaida yangu, je, kama mwizi naye ndivyo alivyolisema? Nikilibadilisha, si nitaonekana najificha? Na yule jamaa wa kushotoni, aliyefanana nami mabega na kifua, nani aliyeniambia kwamba hatufanani hata sauti?

Wakaanza upande wa kulia. "Shikamoo." "Marahaba." "Shikamoo." "Marahaba." Yule mama aliwaitikia wote, akiinamisha kichwa kwa kila mmoja, kama watu wanavyosalimiana nje ya kanisa baada ya misa. Ikafika zamu yangu.

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka nyembamba kama uzi.

Hakuitika. Akanisogelea.

"Rudia."

"Shikamoo, mama."

Bega langu likaanza kuwasha kabla halijaguswa. Nilimwona mke wangu akija mahabusu na chakula kwenye hotipoti, nikaiona cherehani yangu imefunikwa shuka, wateja wanagawana vitambaa vyao. Niliogopa kweli, siku ile, kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

"Marahaba, mwanangu," alisema hatimaye. "Mbona sauti hivyo, una mafua?"

"Mama, tafadhali, usizungumze nao," mkaguzi akamwambia.

Akamgeukia wa kushotoni kwangu.

"Shikamoo, mama," akasema yule jamaa. Aliisema vizuri, kwa upole na heshima, vizuri kuliko mimi.

Yule mama alisimama tu. Tulisubiri marahaba, wote, hata mkaguzi nadhani alikuwa anaisubiri. Haikuja.

"Endelea, mama," akasema mkaguzi.

Hakuendelea.

"Kama ni huyu, unatakiwa umshike bega."

"Nimshike wa nini? Si mmeona sijamwitikia?"

"Utaratibu unataka umguse, mama."

"Siku ile nilimwitikia," alisema, na hakuwa akimwambia mkaguzi tena. "Nilisema marahaba mwanangu, pita ndani, mtori bado wa moto. Akapita. Akanifunga kwa kanga yangu mwenyewe."

"Mama, si mimi," jamaa akasema.

Yule mama alitoa kidole kimoja chini ya kitenge, akamgusa begani, kisha akakifuta kile kidole kwenye kitenge. Mkaguzi akaandika. Sisi wengine tukashukuriwa, tukaambiwa tunaweza kwenda.

Kesi iliishia wapi sijui. Niliambiwa gwaride peke yake halitoshi, kuna ushahidi mwingine unakusanywa, nami natumaini ni kweli. Kwa sababu nilikuwa nimesimama pale, na kwa masikio yangu shikamoo yake na yangu zilikuwa zimekatwa kwenye jora moja.

Sikurudi kazini. Nilipanda gari la Kirua Vunjo, nikakata kihambani, shamba la ukoo wetu, katikati ya migomba mpaka jikoni kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

"Shikamoo, mama!"

Kimya tena. Nikashika mwimo wa mlango. Nilitaka kusema ni mimi.

Akageuka taratibu, rozari imemzunguka vidoleni, amekunja uso.

"Marahaba. Si unaona nasali?"

Nikamwomba aseme marahaba tena.