Mama Alipoambiwa Ale Kama Kuku

Miaka ya sabini ilipoanza, mama yangu alikuwa akiuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, na hamu yake ya chakula ilijulikana kijiji kizima. Kwa hiyo alipoanza kubakiza ugali wa wimbi, sote tulishtuka. Baba alisema ni vidonda vya tumbo, anywe maziwa.

Shangazi, dada yake baba, alikataa katakata. "Kaka, maziwa ni ya ndama. Huyu anaenda hospitali leo."

Nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya Nyansiongo. Nikaomba ruhusa, nikawasindikiza. Mama alinyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa, akapigwa picha ya tumbo. Daktari alipotamka neno kansa, baba aliketi sakafuni palepale.

Mama alipasuliwa, akatolewa sehemu ya tumbo. Tulingoja majibu ya kipande kilichopelekwa Nairobi, na baba hakumeza hata chai. Kisha daktari akaja akitabasamu.

"Mmewahi. Uvimbe ulikuwa mdogo, haukuwa umepenya ukuta wa tumbo, na tezi za karibu ni safi."

"Ataishi?" baba akauliza.

"Siwezi kuapa, lakini mengi yako upande wake. Amekuja mapema, mwili una nguvu, hagusi tumbaku. Ila lazima ale, kidogo kidogo, kutwa nzima. Na arudi kupimwa hata akijiona mzima."

Baba alikimbilia wodini kumweleza mama kwa Ekegusii, lugha yetu.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema utaishi, mradi ule kama kuku. Donoa, tembea, donoa!"

Mama akacheka, akashika kidonda. "Msinichekeshe, mtanifumua nyuzi!" Hapo ndipo tuliposhindwa kabisa kujizuia. Shangazi alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakadakia. Muuguzi aliyekuja kutukemea alijiziba mdomo kwa aproni, mabega yakimtetemeka.

Nyumbani, baba, ambaye hakuwahi kukoroga chungu maishani, alijitwika kazi ya uji. Ulijaa madonge. Majirani wanawake walikuja eti kumjulia mgonjwa hali, kumbe wanamchungulia mzee jikoni. Siku nyingine mama alikula haraka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, ikabidi alale. Baba alikaa kando yake na kijiko mkononi mpaka atulie.

Siku ya kurudi kupimwa, mimi na shangazi tuliwasindikiza tena. Daktari alimkagua, akamuuliza maswali mengi, mwisho akasema, "Nenda nyumbani, mama. Sioni kitu."

Tulitoka nje kwenye jua la mchana. Baba akamshika mama mkono, katikati ya barabara, mbele ya watu wote wa mji! Wakati ule mzee wa Kikisii hakufanya hivyo.

"Niachie, watu wanatuona," mama akanong'ona.

"Waone."

Mimi na shangazi tulifuata nyuma, tumeshikana mabega, tukicheka kama wasichana wa shule. Mama aliishi akawalea wajukuu, akidonoa kutwa.