Lekoko Akataa Kuitwa Mkulima

Siku Lekoko wa Kakesio alipopitishiwa kisu jandoni hakupepesa hata ukope, na mpaka leo wapo watu wa rika lake wanaolisimulia jambo hilo kana kwamba walilifanya wao. Sasa mtu huyohuyo, na mvi zake, upepo ukimgusa shavu la kushoto anaruka kama aliyekanyaga waya wa umeme. Miaka mitano! Akicheka, radi. Akitafuna, radi. Akinyoa ndevu, bora asingezaliwa.

Hospitalini walisema ni meno. Mawili ya chini yaling'olewa utotoni kwa mila, na watu wa semina wamekuja mara nyingi kuikemea mila hiyo. Manne zaidi yaling'olewa na mtaalamu mwenye koti jeupe, na hakuna aliyekuja na semina. Maumivu hayakuhama. Baadaye daktari mmoja mwenye akili zake akasema ni neva ya uso, akampa vidonge. Vidonge vikamlevya mpaka akaangukia ndama. Halafu vikaisha kwenye dirisha la dawa hospitalini. Wakamwambia arudi mwezi ujao, na mwezi ulipofika wakamwambia vilevile.

Ndipo akatokea mama mmoja wa Kizungu, mtalii. Alikuwa ananunua shanga kwa Nasieku, mke wa Lekoko, akamwona mzee anaruka. Akajishika shavu lake mwenyewe, macho yakamjaa maji, akatoa kichupa mkobani na maneno mengi. Wilibrodi, dereva wake kutoka Rhotia, akatafsiri huku anaangalia pembeni.

"Anasema naye anaumwa hivyohivyo, mzee. Kwao daktari anamwandikia matone haya, anayachukua duka la dawa."

"Ni nini?"

"Aah... ni bangi, mzee."

Lekoko akakitazama kichupa. Kina lebo, kina jina la mwenyewe, kimepanda ndege kikashuka. Mpwa wa jirani yake alifungwa kwa msokoto mfupi kuliko kidole gumba.

"Mwambie pole," akasema kupitia meno yaliyobaki. "Na mwambie akifiche."

Nani alileta mbegu hatujui, na Wilibrodi anasema hajui zaidi yetu. Miche miwili iliota nyuma ya zizi, ndani ya sufuria lililotoboka, ikishiba samadi. Nasieku akawa anachemsha majani yake kama chai. Tusidanganyane, maumivu hayakuisha. Yalisogea hatua kumi, yakakaa huko yakinguruma. Lakini Lekoko alilala mpaka asubuhi. Akala nyama. Akamtukana shemeji yake kwa sentensi ndefu, raha aliyokuwa ameisahau kabisa.

Sasa, Kakesio iko ndani ya hifadhi ya wanyama, na humo kulima ni marufuku. Nyati akikanyaga kitunguu hana kosa. Mwenye kitunguu ndiye mhalifu. Kwa hiyo siku moja alasiri askari wawili wa hifadhi wakaja kukagua bustani. Mkubwa wao, Simon, ni mtu wa Karatu mjini. Mdogo wake kazini, Koinet, ni Mmasai wa Arash. Koinet akainamisha kichwa, sare na yote, Lekoko akamwekea kiganja utosini kama inavyompasa mzee. Salamu zilipokwisha wakazunguka nyuma ya zizi.

Simon akang'oa miche yote miwili, akaikung'uta udongo. "Hii nini?"

Koinet alikuwa ameijua tangu mbali. "Mboga, mkuu. Aina ya mchicha."

Simon si mtoto, pua ilishamweleza. Lakini bangi maana yake polisi, mashahidi, mkemia, maelezo kurasa nne, na jioni hiyo kulikuwa na mpira.

"Haya, mchicha," akafungua daftari. "Naandika: Lekoko, mkulima, amepewa onyo. Yameisha, mzee wangu."

"Nani mkulima?"

"Wewe, mzee. Si umelima?"

"Mimi?" Shavu likapiga radi, lakini hasira ilikuwa imefika kwanza. "Baba yangu hakushika jembe! Babu yangu hakushika jembe! Unaniandika mchimba udongo mbele ya mke wangu?"

"Baba Resiato, kubali tu!" Nasieku akamvuta shuka. "Ukulima hauui. Sitamwambia mtu."

"Utawaambia wote!"

"Wachache."

"Andika bangi!" Lekoko akalipigapiga daftari kwa rungu. "Meno mmeng'oa, vidonge hamna, na kitu kimoja kilichonisaidia mnakiita mchicha! Mama wa Kizungu anacho mkobani, hakuna aliyemwita mkulima. Andika: bangi, dawa ya uso. Andika, nasema!"

Simon akafumba macho. Mpira ukawa umeondoka hivyo.

Wakampandisha nyuma ya gari la wazi, miche imelala sakafuni kati ya buti, majani yameanza kunyong'onyea. Koinet akakaa upande wa upepo.

"Mzee, ungekubali. Nilidanganya ili ulale nyumbani."

"Nilale na nini?" Lekoko akaionyesha miche kwa kidevu. "Mmeshaing'oa."

Gari likakata kona, upepo ukapenya, Lekoko akaruka na kuporomosha tusi refu la Kimasai lililoanzia kwa hifadhi, likapita hospitalini, likaishia kwa ukoo wa Koinet. Koinet, aliyeelewa kila neno, akasogea karibu zaidi, akamkinga shavu kwa bega lake.