Mama Taratibu na Chumba cha Moto

Wanafunzi walimwita Mama Taratibu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila basi la shule liliposimama mbele ya makumbusho ya mkoa, watoto walimwagika kama njugu zilizopasuliwa gunia, naye alisimama kwenye ngazi akiwa ametanua mikono, akisema, "Taratibu, taratibu. Vitu vya humu vimewangoja miaka mingi, havitakimbia leo." Alikuwa mwelezaji pale tangu ujana wake, na kusimulia alikujua. Akianza habari za mkuki wenye kutu au jiwe la kusagia lililolika katikati, hata mtundu wa darasa alifunga mdomo.

Lakini basi likiondoka, jengo lilibaki kimya. Watu wazima wa mji hawakuingia. Walisema pale ni pa vitu vya marehemu na watoto wa shule. Mama Taratibu hakuwalaumu. Historia iliyowekwa katika vyumba vile iliishia kabla babu zao hawajazaliwa. Yaliyowapata wao wenyewe hayakupewa hata rafu moja.

Na lililowapata halikuwa dogo. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha nusu ya mji kiliungua asubuhi ya siku ya kazi. Mlango wa mbele ulizibwa na moto. Wa nyuma ulikuwa umetiwa kufuli kwa nje, kwa sababu wakubwa wa kiwanda walihofia wizi wa vitambaa. Wengi wa waliokufa walikuwa wasichana. Mmoja wao alikuwa dada yake Mama Taratibu, aliyemtangulia kuzaliwa na aliyembeba mgongoni utotoni. Baadaye magofu yalibomolewa, yakajengwa maduka, na mji ukajifunza kunyamaza.

Dada huyo alikuwa na rafiki wa chanda na pete. Hata mashine zao kazini zilipakana. Rafiki alitoka hai kupitia dirisha la choo, mikono imeungua hadi viwikoni. Akapona, akaolewa, akalea watoto na wajukuu mtaa wa pili tu kutoka kwao. Lakini tangu siku ya mazishi, mama yake Mama Taratibu hakumsemesha tena. Hakumtukana, hakumsengenya. Akikutana naye njiani alimpita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Donge lake lilikuwa moja: huyu katoka, mwanangu kabaki.

Miaka ikaenda, hadi makumbusho yalipoletewa mkuu mpya. Huyo hakumaliza kufungua masanduku yake kabla hajauliza kwa nini moto ule hautajwi popote ukutani. Akataka chumba kizima kitengwe kwa ajili yake, na akamwomba Mama Taratibu akusanye vitu na habari. Siku hiyo mwelezaji alirudi nyumbani akakaa kitandani hata viatu hajavua. Kesho yake alikubali, kwa sharti kwamba familia zote ziulizwe kwanza, na kisiwekwe hata kifungo kimoja bila mwenyewe kuridhia.

Akaanza kupiga hodi. Nyumba nyingine zilimfungia mlango. Bwana mmoja alimwambia kwamba anakwangua kidonda kilichokwisha kufunga, naye hakubishana. Mzee mwingine aliyefiwa na mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na aproni ya buluu, imefuliwa na kupigwa pasi kana kwamba mwenyewe anaingia zamu kesho. Aliomba tu wasiitundike kwenye msumari, maana msumari unatoboa kitambaa.

Mwisho alikwenda kwa rafiki wa dada yake. Alimkuta anakunja nguo, na mara alipomwona mgeni alificha mikono chini ya mtandio, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama Taratibu akamweleza kwamba picha na aproni hazisemi. Anahitajika mtu aliyekuwepo, awasimulie wanafunzi.

"Nitakuja mama yako akiniruhusu," rafiki alisema. "Bila yeye, mdomo wangu hautafunguka."

Mama Taratibu aliufikisha ujumbe kama alivyopewa. Mama yake alikuwa amekwisha kuzeeka, miguu imechoka ila ulimi mzima. Aliomba chai, akalalamika kwamba sukari imeonewa choyo, na mazungumzo yakafia hapo. Siku zikapita bila neno. Kisha asubuhi moja binti alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kutokea, viatu mguuni.

"Nipeleke huko kazini kwako," mama akasema. "Na yeye aje. Maneno yake niyasikie mimi kwanza, kabla ya watoto wa watu."

Walikutana kwenye chumba chenyewe, rangi ya ukutani bado inanuka. Wazee wawili waliwekewa viti vya kutazamana. Rafiki akaanza kueleza jinsi moto ulivyoshika marobota ya pamba, na mama akainua kiganja kumzuia.

"Moto sitaki. Moto naujua, nauona kila nikifumba macho. Niambie kabla ya moto mlikuwa mnafanya nini."

Rafiki alijibu:

"Tulikuwa tunacheka, mama. Msimamizi alinunua viatu vipya vinavyolia, tunavisikia kabla hatujamwona mwenyewe. Mwanao alikuwa anaviiga kwa mdomo. Nikacheka mpaka uzi ukanikatikia. Nikainama kuuunga. Nilipoinuka, moshi ulikuwa umeshaingia kati yetu."

Mama alitazama sakafu. Kitu fulani kilitikisika pembeni mwa midomo yake.

"Hakuna asichokiiga yule," alisema. "Hata mimi alikuwa ananiiga ninavyokohoa." Kisha akanyoosha mkono. "Lete mkono wako."

Rafiki alisita, halafu akautoa chini ya mtandio. Mama akaupokea, vidole vimekakamaa, ngozi imejikunja kama karatasi iliyokaribia mshumaa, akauweka pajani pake na kuufunika kwa mkono wake mwingine. Wakakaa hivyo. Mama Taratibu, ambaye hakuwahi kukosa maneno ndani ya jengo lile, alitoka akaegemea ukuta wa ukumbini.

Chumba kilifunguliwa. Rafiki alikuja kusimulia kila shule ilipofika, na habari ya kufuli hakuiruka. Mama naye alijipatia kiti chake karibu na mlango, na akisikia chumvi imezidi alikohoa. Polepole watu wazima wakaanza kuingia, kwanza kwa unyenyekevu kama wanaoingia nyumba ya msiba, baadaye wakiwa na picha, mikasi na vikombe vilivyobaki makabatini. Yule bwana aliyesema kidonda kinakwanguliwa alikuja pia. Alisimama mbele ya picha moja, akaondoka, na wiki iliyofuata akaja na wanawe.

Watoto nao walirudi nyumbani na swali midomoni: "Baba, kazini kwenu mlango wa nyuma unafungwa?" Likasambaa hadi kwenye kiwanda cha magodoro pembezoni mwa mji, na wafanyakazi wakaanza kuliuliza kwa sauti. Mwenye kiwanda akaja makumbusho, uso umemvimba. Alimwambia mkuu kwamba kazi yao ni vitu vya kale, si kutuma watoto wawachochee watu wake. Mkuu akaanza kujieleza. Mama Taratibu akaomba radhi kwa kumkatiza, akamwomba mgeni akione kwanza hicho chumba anachokilalamikia.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, na rafiki kando yake. Mgeni alimwamkia kwa adabu, naye akamwitikia, kisha akamuuliza kama ndiye mwenye kiwanda cha magodoro. Akakubali.

"Godoro linawaka upesi kuliko nguo," mama alisema. "Funguo za nyuma anakaa nazo nani?"

Bwana yule alizitazama aproni, akatazama ile mikono ya rafiki, akatoka bila kuaga.

Hakugeuka malaika siku hiyo. Iliwabidi wafanyakazi wagome, na wazazi wawasumbue wakaguzi wa kazi mpaka wakachoka kusumbuliwa, ndipo kufuli la mlango wake wa nyuma likaondoka na ukawekwa mlango unaofunguka ukisukumwa tu. Wenye viwanda wengine walifuata, baadhi kwa kununa. Wapo wanaokwepa mpaka leo.

Mama alifariki majira ya baridi yaliyofuata, usingizini. Watu waliokuja kumzika walijaza njia yote, wengi wao wakiwa wale waliomjua kutoka kwenye kiti cha makumbusho. Rafiki alikaa safu ya mbele, upande wa familia, mikono yake wazi juu ya magoti. Jamaa mmoja aliyetoka mbali aliinama akamuuliza Mama Taratibu yule bibi ni nani kwao.

"Dada yangu," alijibu, akasogea kumpa jamaa nafasi ya kukaa.