Kwa Meneja Wetu, Asiyekunywa Hana Kauli

Jina langu lifichwe tafadhali, maana Makambako tunajuana. Ni mjane wa miaka thelathini na mbili, karani kwenye ghala la mbolea. Watoto wangu wawili wanalelewa na mama yangu Mjimwema, Njombe.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kuuza mbolea na ghala letu linunuliwe na mmoja wao, tuna meneja mpya. Si mwizi wala si mkali, ila anamsikiliza anayekunywa naye tu. Jioni wanakaa baa, asubuhi tunaitwa kikaoni kuambiwa, "Hilo tulishalimaliza jana." Jana wapi? Kwenye meza ya bia!

Msimu huu tuliwatengea mbolea wakulima wa Matamba. Mfanyabiashara mmoja akamkaribisha meneja nyama choma, kesho yake mbolea yote ikapakiwa kwenye lori la huyo bwana. Wakulima walipofika, wamelowa mvua ya njiani, ghala tupu. Mama mmoja akaniuliza, "Dada, sasa viazi nipandie nini?"

Mzee Hashimu, mtunza ghala wetu, mtu wa swala tano, alisema kikaoni, "Bosi, wale watu tuliwaahidi."

Meneja akacheka. "Mzee, ungekuwa unatoka jioni, ungejua mambo yanavyokwenda." Wenzake wakaangua kicheko.

Wiki hiyohiyo Mzee Hashimu akapunguzwa kazi. Halafu nikaitwa mimi. "Ghala nakupa wewe," meneja akasema. "Ila jioni uwe unajitokeza, mama. Hatuwezi kufanya kazi na mtu tusiyemzoea."

Jamani, nilitoka na hasira. Nikaenda kwa Mzee Hashimu nikitegemea ataniambia nikatae. Nilimkuta anafunga mizigo arudi kwao Kondoa. Akasema, "Ichukue, mwanangu. Ukiiacha atapewa mlevi mwenzake, na wale wa Matamba watarudi mikono mitupu tena." Lakini mkewe, aliyenipikia uji nilipojifungua, hakuitikia hata salamu yangu.

Nikikubali, nitakaa baa na wanaume wale, na maneno yatamfikia mama yangu Njombe kabla yangu. Nikikataa, kazi siku hizi iko wapi, na wanangu watakula nini? Meneja anataka jibu Jumatatu.

Wasomaji wenzangu, hasa mliowahi kuwa chini ya bosi wa namna hii, msinicheke. Nishaurini. Nimjibu nini mtu huyu?